Ulimi Huru Mezani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimefikia uamuzi. Naanza kula nje.

Sababu naiandika humu tu, maana daftari hili hulala chini ya godoro, upande wangu. Mama mkwe alikuja kututembelea kwa wiki mbili. Sasa ni mwezi wake wa tano hapa. Si mtu mbaya. Anapika, anafua mapazia ambayo hayajachafuka, anaimba. Lakini chakula cha mama mkwe hukisemei neno. Anakujazia sahani mpaka wali unamwagika ukingoni, anakaa kiti cha mbele yako, anakutazama usoni. Unamaliza. Unasema asante mama. Anakuongeza.

Na mimi ni mtu wa maoni! Ofisi ya maji, dirisha la malalamiko. Miaka kumi na moja nasikiliza: bomba limepasuka, maji yana kutu, mita inakimbia kama imeiba. Mimi nagonga muhuri, naandika barua ya majibu. Lini na mimi nitalalamika?

Leo nimepata laini ya pili. Nimeingia kwenye kundi la simu la mtaa kwa jina la Ulimi Huru. Kazi: kula kwenye mikahawa ya hapa jirani na kusema ukweli mtupu. Wenye mikahawa watatetemeka. Vipande vya nyama vitanenepa. Hakuna atakayejua.

Mke wangu, ambaye anafundisha darasa la tatu na humwona kila mtu kama mwanafunzi, ameuliza nachekea nini peke yangu. Nimesema mambo ya kazini.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza kwa Kapteni, mkahawa wa kona. Meza sita, moja inachechemea. Anaitwa Kapteni kwa sababu aliongoza timu ya mtaa, msimu ule tuliofungwa mechi zote. Filimbi bado anayo shingoni. Anapika mwenyewe. Chakula kikiiva, anapuliza.

Nimeagiza wali na maharage. Maharage magumu! Moja limeruka kutoka kwenye kijiko likatua mfukoni mwa shati langu. Wali umeshikana, ukiinua punje unainua sahani. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nimeandika hapo hapo, simu chini ya meza, kidole kimoja, aya tisa. Ya kwanza: historia ya maharage. Ya tisa: "Jiko hili linahitaji mama mtu mzima anayejua moto. Maoni haya yanatolewa kwa nia njema na kwa hatua zaidi."

Nimetuma. Nimekaa kungoja mtaa utikisike.

Saa moja baadaye Fundi Saa ameandika. Huyu ni mzee anayetengeneza saa kwenye kibanda mkabala na Kapteni. Anakula pale kila siku na sijawahi kumsikia akimaliza sentensi ndefu. Ameandika: "Maharage ya leo magumu kweli." Maneno matano! Watu arobaini wamemwekea dole gumba. Mimi nimepata mawili. Moja nimeliweka mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Mbinu mpya. Mtu asiyejulikana haongezewi nyama. Basi na ajulikane kidogo, kwa mtu mmoja tu, mwenye sufuria.

Nimekwenda kwa Kapteni. Nimenusa supu kwa sauti. Nimemkonyeza. Hakuelewa. Nimemkonyeza tena na kujigusa ulimi kwa kidole, kwa siri. Ameniinamia, amenishika kidevu, ameuliza kama nimeng'atwa na mdudu. Ameniletea maji ya chumvi nisukutue. Nimesukutua. Ningefanya nini? Nyama kwenye supu: kipande kimoja, ukubwa wa kifungo.

Lakini meza tatu zilikuwa tupu! Kalamu yangu hiyo! Kapteni alikaa mlangoni ameshika tama, simu mkononi. Nimemsikia akimuuliza Fundi Saa atampata wapi mama mtu mzima anayejua moto. Aya yangu ya tisa, neno kwa neno! Fundi Saa akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia anamjua mmoja.

Alhamisi, 6 Juni

Jioni hodi mlangoni. Kapteni! Shati jeupe, filimbi imeng'arishwa. Nimegunduliwa! Nimekimbilia bafuni, nimefungulia maji, nimejifanya naoga. Nguo zote mwilini, viatu pia.

Nimetega sikio mlangoni. Kumbe hakuja kwangu. Alikuja kwa mama mkwe. Akamwomba kwa heshima zote amshikie jiko lake, asubuhi hadi alasiri. Mama mkwe akauliza kama sufuria zake zina vifuniko. Kapteni akasema nne zina, tatu hazina. Mama mkwe akasema hizo tatu akazitafutie. Basi, amekubali.

Mke wangu akapiga vigelegele. Akaja kuniambia kupitia mlango wa bafuni kwamba mama alikuwa ameshafunga mzigo ili arudi kwake Jumamosi, kwa kuwa hapa hana shughuli. Sasa atabaki!

Jumamosi! Zilikuwa zimebaki siku mbili tu! Nikafungulia maji zaidi.

Lakini bafuni ni mahali pazuri pa kufikiri. Si habari mbaya hata kidogo. Mama mkwe mkahawani, mimi nyumbani, huru. Na mwenye mwiko akiwa mkwe wangu, nyama itanifuata yenyewe. Yaani napanga mambo makubwa bila hata kujua.

Ijumaa, 7 Juni

Mchana nimerudi nyumbani kula kwa uhuru. Sufuria zote kifudifudi. Nimempigia mke simu shuleni. Amesema jiko lipo, mikono ninayo. Nimepika wali. Sitaki kuuzungumzia. Sufuria iko nje, imelowekwa. Jirani amekuja kuuliza kama tunachemsha lami.

Mbio kwa Kapteni. Foleni mpaka kwenye kibanda cha saa! Nimepita mbele, kama jamaa wa mpishi. Filimbi! Kapteni akaninyooshea mkono nirudi nyuma, watu wote wakigeuka. Nikamtazama mama mkwe dirishani.

"Panga foleni, baba," akasema kwa upole. "Hapa wote ni wanangu."

Wote! Miezi mitano nilikuwa mwana peke yangu!

Zamu yangu ilipofika: mlima wa wali. Na huku watu ishirini wanasubiri, akatoka jikoni, akasimama mbele yangu akifuta mikono kwenye aproni, akanitazama mpaka nikamaliza. Asante mama. Akaniongeza. Na ule mfupa wenye uboho, uliokuwa wangu kila Ijumaa, nikauona kwenye sahani ya Fundi Saa. Anaufyonza, macho ameyafumba! Baadaye ameandika kundini: "Leo nimekula." Dole gumba mia na kumi.

Jumamosi, 8 Juni

Hali haivumiliki. Nyumbani hakuna chakula, mkahawani hakuna uhuru. Dawa ni moja. Wateja wakimbie, mkahawa udorore, mama mkwe arudi kwenye jiko lake, yaani langu.

Asubuhi Ulimi Huru ameandika: wali wa Kapteni siku hizi una mawe. Mpishi mpya macho yamechoka, apumzishwe. Sawa, hakuna mawe. Najua hakuna mawe. Ni ukweli uliotangulia ushahidi.

Saa saba nimemkuta mama mkwe nyumbani, hakwenda mkahawani. Amekaa kwenye ukingo wa kitanda, sinia la mchele mapajani, karibu na dirisha. Anachagua. Anainua punje moja kwenye mwanga, anaigeuza, anairudisha. Mke wangu amesimama mlangoni, macho mekundu. Akasema alimsomea mama yale maneno kabla hajajua yanaishia wapi. Akasema mchele huo umechaguliwa mara nne tangu asubuhi, jiwe halijaonekana. Akasema siku akimjua huyo Ulimi Huru atamkata huo ulimi kwa mkasi wa darasani. Ana mkasi huo. Nimeuona.

Mama mkwe akasema tangu baba mkwe afariki, jana ndiyo mara ya kwanza watu kupanga foleni kwa ajili yake.

"Labda macho kweli yamechoka," akasema. Akasogea kidogo, akaniomba nimwangalizie.

Nimekaa. Nimechagua mchele na mama mkwe wangu mpaka alasiri. Hatukupata jiwe. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu wakati ule. Nadhani ni ule wali nilioupika jana.

Halafu, kama hayo hayatoshi, Kapteni ametangaza kundini: kesho mchana Ulimi Huru aje mkahawani aonyeshe jiwe. Mtaa mzima umealikwa.

Jumapili, 9 Juni

Mpango ulikuwa safi: nimtwishe Fundi Saa jina la Ulimi Huru.

Nimefika mapema. Nimepita meza kwa meza nikinong'ona kwamba mtu anayekaa mkabala na mkahawa kutwa nzima, kimya vile, ana lake jambo. Watu waliitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, imeingia.

Kisha Fundi Saa akasimama. Akatoa barua mfukoni, imekunjwa mara nne. Barua ya ofisi ya maji, majibu ya lalamiko lake la bomba la mwaka juzi. Akasoma mstari wa mwisho, taratibu: "Majibu haya yanatolewa kwa nia njema na kwa hatua zaidi." Akatoa simu. Akasoma mwisho wa aya yangu ya tisa. Akakaa.

Ndiyo hotuba yake yote! Hata neno moja la kwake hakuongeza!

Kumbe kila nyumba ina barua kama hiyo. Watu wanne walikuja nazo. Jirani yule wa lami akasema mtaa mzima ulijua tangu Jumanne, walinyamaza tu waone nitafika wapi. Waliokuwa hawajui ni wawili: mke wangu na mama yake.

Kapteni hakupuliza filimbi. Bora angepuliza. Mke wangu aliutazama mlango, hakunitazama mimi. Mama mkwe akatoka jikoni na sahani, akaiweka mbele yangu. Safari hii hakuna mlima. Vijiko vitatu vya wali, mchuzi kidogo. Akavuta kiti, akakaa.

"Nyumbani huna neno, baba," akasema. "Leo watu wamekuja kukusikia. Sema."

Nikala. Macho yote yako kwenye taya zangu. Sifa nilikuwa nazo tayari, nyingi, tamu, zimepangwa kwa aya. Sijui nilipatwa na nini.

"Hakuna mawe, mama," nikasema. "Nilidanganya. Nisamehe." Hapo ningeishia, ningekuwa mtu mzima. Lakini mdomo ukaendelea wenyewe: "Ila chumvi imepungua kidogo."

Kapteni akajishika kichwa. Mtu mmoja nyuma akasema lahaula. Mama mkwe akachukua kijiko changu, akaonja. Akafikiri.

"Kweli," akasema.

Miezi mitano amekuwa akipunguza chumvi, kwa kuwa aliambiwa nina presha. Sina presha! Mke wangu akatazama dari. Akasema alihofia nitakuwa nayo, kwa ninavyokasirikia vitu vidogo.

Mama mkwe akacheka. Kwa mara ya kwanza nimemsikia akicheka mpaka anakohoa. Kisha akaniambia jambo ambalo siwezi kulisahau upesi: alikuwa ananitazama nikila kwa sababu simwambii neno, basi akawa analitafuta usoni.

Nikamaliza vile vijiko vitatu. Hakuniongeza.

Msamaha nimepewa, na hukumu pia. Kuanzia sasa, kila Jumamosi na Jumapili, nionje kabla ya wateja na niseme ukweli mbele yake, kwa mdomo, kwa jina langu. Kisha nioshe sufuria. Zote saba. Mke wangu ameongeza ile ya lami.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeitafakari jana kwa utulivu. Ni ushindi.

Mtaa mzima uliacha shughuli zake ukaja kunisikiliza mimi. Nani mwingine amewahi kujaza ule mkahawa kwa kutafuna tu? Kosa lilikuwa dogo, la kiufundi, katika sentensi ya mwisho. Nimeshairekebisha. Naandika kwa nia njema, basi. Hatua zaidi nimezifuta.

Na kusema kweli, chakula ni uwanja mdogo kwa mtu kama mimi. Kuna kinyozi mpya amefungua nyuma ya ofisi. Ni mgeni, hamjui mtu. Nimekwenda saa ya mapumziko, jina la kazi likiwa tayari: Kichwa Wazi. Ameninyoa upande wa kulia, vizuri tu, kimya. Kisha akauliza kwa adabu kama si mimi yule bwana wa chumvi. Nimekana. Nimemwambia simjui kabisa mtu huyo, na kwamba kisogoni amenyoa kombo.

Amezima mashine. Ameitundika ukutani. Amekwenda kula.

Nimerudi ofisini na kofia. Meneja ameniomba niivue, nimemwambia nina homa ya kichwa. Upande wa kushoto unawasha. Haidhuru. Nimefika aya ya kumi na mbili ya Kichwa Wazi na bado sijagusa kisogo.