Jinsi Kinyozi Alivyoivusha Tamthilia Kutoka Kompyuta Hadi Sebuleni

Njooni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi mnaoosha vyombo na mnaojifanya mmelala ili msiitwe kuviosha! Sogezeni viti, punguzeni moto wa jiko, mpeni mtoto chochote atakachokubali kutafuna, kwani nataka kuwasimulia tendo ambalo lingetendwa zamani za wafalme lingechorwa ukutani kwa dhahabu. Bali kwa kuwa limetendwa juzi tu, baada ya chakula cha mchana, katika nyumba yenye geti la bluu, limeniangukia mimi kulihifadhi. Nisaidie, ewe ulimi wangu, wewe ambaye hujawahi kukosa la kusema hata pale nilipokusihi unyamaze.

Namsifu Kinyozi, Bwana wa Mashine na Wembe, aliyeinamisha vichwa vya mahakimu na vya wapiga debe kwa ncha ya kidole, ambaye mbele ya kiti chake hakuna mkubwa asiyefungwa shuka shingoni akatulia. Kazini mtu huyu haogopi kisogo wala sikio. Lakini nyumbani kwake anaishi mama mkwe, na mbele ya mama mkwe Kinyozi huyo huyo hukaa ukingoni mwa kochi, magoti yamebanwa, akaitikia "ndiyo, mama" kabla hajaulizwa kitu.

Na huyo mama mkwe, enyi wasikilizaji, ni Malkia wa Sindano, mfumaji asiyejua kupumzika. Tangu alipofiwa na mumewe akaja kuishi kwa binti yake, hakuna kifaa katika nyumba ile kilichoachwa uchi. Jokofu lina kilemba, redio ina shali, rimoti inalala ndani ya soksi yake. Wiki iliyopita fundi alileta kisanduku cha intaneti, akakiunganisha na televisheni, akasema neno la siri limeandikwa chini yake, akaenda zake. Kabla jua halijazama kisanduku kilikuwa kimevalishwa gauni la waridi lililoshonwa pande zote bila mlango wala dirisha, ila tundu la waya na matundu madogo ya kupumulia, kikapandishwa kabatini katikati ya vikombe vya wageni. Hakuna aliyekumbuka kulinakili neno la siri.

Sasa sikieni chanzo cha vita. Yule mama na marehemu mumewe walikuwa wakifuata tamthilia moja ndefu, ya mjane mwenye nyumba ya wageni aliyependwa na wanaume wawili: nahodha mwenye masharubu, na mwokaji mikate asiyesema sana. Mama alikuwa upande wa nahodha. Mzee alikuwa upande wa mwokaji. Walibishana mezani, walibishana kitandani, walibishana hata hospitali, mzee akiwa na mpira wa dripu mkononi, na mzee akafariki kabla mjane hajachagua. Mama akaendelea kuitazama peke yake, na hilo lilimuuma kuliko alivyowaambia watu. Alichotaka sasa ni kuuona mwisho kwa macho yake mwenyewe, ili ajue nani kati yao alishinda.

Jioni ya sehemu ya mwisho, mjane alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akafungua kinywa kulitaja jina, na umeme ukakatika mtaa mzima. Kilio kilichotoka nyumba ile kiliwatoa majirani nje na tochi.

Kinyozi akaapa. Hadharani alikuwa akiiita tamthilia hiyo upuuzi, lakini nitawaambia kweli: jioni alikuwa akinyoa haraka haraka ili aiwahi, naye alikuwa upande wa nahodha kwa sababu za kitaaluma, maana masharubu yale yalikuwa yametunzwa. Kituo cha televisheni kilipoiweka sehemu ile mtandaoni, Kinyozi aliipakua kwenye kompyuta yake. Lakini kioo cha kompyuta ile ni kidogo, na macho ya mama yamechoka. Aliinama hadi pua ikagusa kioo, bado hakuweza kumtofautisha mwokaji na gunia la unga.

"Itabidi ionekane kwenye televisheni kubwa," akasema mama, akifuta miwani. "Na iwe leo, baba, kabla Mama Taarifa hajarudi."

Hapo hata mimi natetemeka. Mama Taarifa ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usio na mlango. Usiku ule alikuwa kwa dada yake, ng'ambo ya mji, ambako umeme haukukatika, akaona kila kitu. Asubuhi alipiga simu akisema, "Narudi alasiri, mama yangu, nitakusimulia mwanzo mwisho!" Mama alikata simu kabla ya neno lingine, akaitia chini ya mto, akaukalia.

Basi Kinyozi akasimama katikati ya sebule, akaweka mkono kifuani, akanena: "Enyi kuta, kuweni mashahidi! Leo ama tamthilia hii ivuke kutoka kompyuta hadi televisheni, ama mimi nisiitwe tena mume wa binti wa nyumba hii!"

"Sawa, baba," akasema mama. "Ila usivunje vikombe vyangu."

Akaanza na waya. Aliuchimbua kutoka droo ya vitu visivyojulikana, akaupuliza vumbi, akaunyoosha mithili ya jemedari anyooshaye mkuki. Ncha moja ikaingia kwenye televisheni kwa heshima zote, na ya pili ikakataa kabisa kompyuta, kwa kuwa ilikuwa na umbo jingine. Kinyozi alijaribu kuigeuza, kisha akajaribu kuigeuza tena, kana kwamba waya ungeona haya. Waya haukuona haya.

Akaitia tamthilia ndani ya flashi, akaichomeka ubavuni mwa televisheni, akarudi nyuma hatua za mshindi. Televisheni ikawaza. Mama akajisogeza mbele. Kisha kwa herufi kubwa, mbele ya mkwewe, kile kifaa kikamjibu shujaa wetu: *Faili hili halitambuliki.*

"Inasemaje?" akauliza mama.

"Inasema tusubiri, mama," akajibu Kinyozi, na jasho likamshuka.

Ndipo akakumbuka njia ya hewani, njia isiyo na waya wala flashi, ambayo kwayo picha huruka chumbani bila kuonekana na kutua kwenye kioo. Alifungua kompyuta, akabonyeza alama ya kurusha, na kompyuta ikamwonyesha jina moja tu: Televisheni ya Sebuleni. "Ndiyo wewe!" akanguruma Kinyozi. "Ndiyo wewe niliyekutafuta!" Akabonyeza. Kompyuta ikaandika kwamba inacheza. Wote wawili wakageukia televisheni, nayo ikabaki nyeusi tii.

Lakini muziki ulisikika. Ulikuwa muziki wa tamthilia yenyewe, ukitoka mbali kidogo, upande wa ukutani.

"Huo ni wimbo wetu!" mama akaruka. "Uko wapi?"

Ukafuata mlio wa dirisha kufunguliwa kwa jirani, na sauti ya Bwana Kimya, mume wa Mama Taarifa, mtu ambaye mtaani alijulikana kwa kuitikia salamu kwa nyusi tu. "Kinyozi!" akapiga kelele. "Mpira wangu uko wapi? Walikuwa wanapiga penalti, sasa naona mjane!"

Hapo Kinyozi akaelewa yote kwa mpigo, na masikio yakamwaka moto. Kabla fundi hajaleta kile kisanduku, alikuwa amemwomba Bwana Kimya intaneti, akapewa kwa ukarimu, na kompyuta yake, kwa mazoea, ilikuwa bado inakula huko huko kwa jirani. Na televisheni ya jirani, iliyonunuliwa duka moja na ya kwao, nayo ilijiita Televisheni ya Sebuleni, kwani hakuna aliyewahi kuibadili jina. Tamthilia ilikuwa imetua ugenini.

"Basi twende tukaitazame huko huko," akasema mama, tayari ana kandambili moja mguuni.

"Mama!" Kinyozi akamzuia kwa kiganja. "Je, tuingie wenyewe katika ngome ya Mama Taarifa? Tukae katika kochi lake, chini ya paa lake, naye afungue mlango muda wowote akiwa na mwisho wote mdomoni?"

Mama akaivua ile kandambili polepole. "Umesema kweli. Mrudishie mzee mpira wake."

Akamrudishia, na kwa jirani kukasikika shangwe ya penalti. Sasa ilibaki kompyuta ihamie kwenye intaneti ya nyumbani, ilipo televisheni yao. Ilitaka neno la siri. Neno la siri liko chini ya kisanduku. Kisanduku kiko ndani ya gauni. Na gauni, enyi ndugu, halikuwa na pa kufungulia.

Kinyozi alikiteremsha kutoka kabatini, akapita baina ya vikombe bila kugusa hata kishikio, akakiweka mezani, akachukua mkasi wake wa kazi. Ni nani duniani anayekata uzi wa mama mkwe wake mbele ya mama mkwe wake? Akaweka mkasi chini. Akapiga magoti.

"Ewe mama," akanena, "wewe uliyenipa binti, wewe uliyelifuma vazi hili tundu kwa tundu wakati sisi wengine tukisinzia! Sikuja kulidharau. Lakini chini ya pindo lake kuna neno, na pasipo neno hilo sina silaha. Niruhusu nilikate, na mimi nitabeba lawama hadi kwa wajukuu."

Mama akamtazama juu ya miwani. "Yaani umepiga magoti kwa ajili ya kitambaa?"

"Ni gauni, mama."

"Lete hapa, wewe."

Akakipakata kile kisanduku, akapapasa pindo kwa vidole ambavyo havikuhitaji macho, akaipata ncha ya uzi, akaitoa kwa meno, akavuta. Gauni lote likaanza kufumuka, safu baada ya safu, uzi wa waridi ukirundikana mapajani. "Nitafuma lingine," akasema. "Uzi ninao. Soma hayo maandishi upesi."

Kinyozi akayasoma kwa sauti, herufi na tarakimu, kama anayeita majina ya mashujaa. Akaandika. Akakosea. Akaandika tena. Kompyuta ikakubali. Akabonyeza ile alama, akafumba macho, na alipoyafumbua televisheni yao ilikuwa imejaa rangi, na mjane alikuwa amesimama mlangoni, mkubwa kama mtu wa kweli, akivuta ile pumzi.

"Hodi humu ndani!" sauti ikalia getini. "Mama! Uko wapi mama yangu? Yaani huwezi kuamini alichofanya yule mjane!"

Kinyozi alitoka bila viatu. Aliufunga mlango nyuma yake, akatandaza mikono, na kwenye kibaraza akamkuta Mama Taarifa na kikapu chake, mdomo umeshafunguka. "Simama hapo ulipo!" akanena. "Hutakivuka kizingiti hiki, ewe mbeba habari, ila kwa kunikanyaga mimi!"

"Una nini wewe? Nipishe, nina mazungumzo na mama."

Kinyozi akamtazama, na moyo wake wa kinyozi, uliozoea kusikiliza watu wenye mengi, ukamwelewa. Mwanamke yule hakutaka vita, alitaka sikio. Akaangalia mlango uliofungwa. Nyuma yake kulikuwa na kila alichokingoja yeye pia, jioni kwa jioni, akijifanya hajali.

"Nisimulie mimi," akasema kwa sauti ndogo.

"Wewe? Si huwa unasema ni upuuzi?"

"Nisimulie. Tusogee pale, kwenye kamba ya nguo. Wala usifupishe."

Macho ya Mama Taarifa yakang'aa. Akamfuata, akaweka kikapu chini, akashika kiuno, na bila hata kuanza mwanzo akalitupa lote: "Kamchukua mwokaji! Nahodha kaondoka na begi!" Likampata Kinyozi katikati ya kifua. Masharubu yale yote, bure. Lakini hakukimbia, alisimama kati ya mashuka yaliyoanikwa akapokea yaliyobaki, machozi ya mjane, begi la nahodha, hata matangazo ya sabuni yaliyoingilia kati, huku akitikisa kichwa na kusema "ehee" kila ilipobidi.

Ndani kukatoka ukelele. Wakakimbilia sebuleni wote wawili, wakamkuta mama amesimama mbele ya televisheni, kiganja mdomoni, analia na kucheka, uzi wa waridi umemzunguka miguuni.

"Mwokaji, baba," akasema. "Mzee alisema. Miaka yote ile namwambia, huelewi wanawake wewe, na kumbe alielewa." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Ameshinda. Natamani ningemwambia." Kisha akamgeukia Kinyozi kwa ghafla. "Na wewe ulikuwa wapi? Umeikosa! Sitaki kuambiwa umeikosa. Kaa hapa. Turudie, nataka niuone uso wako."

Akakaa. Si ukingoni, alivutwa mkono akakalishwa katikati, bega kwa bega na mama, kwenye nafasi ya ubavuni mwake ambayo tangu mzee afariki hakuna aliyethubutu kuikalia. Mama Taarifa akakaa pembeni, akifahamu kila kitu, akafungua kinywa, akamtazama mama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakifunga. Mjane akasimama mlangoni. Akavuta pumzi. Akalitaja jina.

"Mwokaji?!" Kinyozi akaruka hadi mto ukaanguka. "Haiwezekani! Na nahodha je? Mama, nahodha je?"

Mama mkwe akacheka hadi kilemba kikamlegea, akampiga bega, akasema, "Mzee angekucheka wewe leo, mwanangu, angekucheka!"

Basi, enyi mliosikiliza, wengine waandike ya miji iliyotekwa na milima iliyopandwa. Ninyi nendeni mkawaambie waliokosa kuwapo: kwamba tamthilia ilivuka, na kwamba Kinyozi, mkwe aliyejua mwisho wote hadi matangazo ya sabuni, siku ile alishangaa.