Kitufe cha Kusoma Miinuko

Jumatatu, 9 Juni
Kicheko. Kimoja tu, cha Mama Ramani, mchoraji wa ramani ofisini kwetu, Ijumaa iliyopita barazani. Nilipotokeza mlangoni na chakula changu, kicheko kikakatika kama uzi. Nimelala nacho, nimeamka nacho. Leo tena wenzangu wamekula pamoja nje; mimi mezani, nikitazamana na kibodi. Tangu niajiriwe hakuna aliyeniambia "twende". Basi! Asiyependwa na ahitajiwe.

Jumanne, 10 Juni
Hila imepatikana. Ramani yetu ya miinuko imegawanyika vijisanduku. Ukitaka kujua mahali pana urefu gani, unachagua kitufe, unabofya kisanduku, namba inatokea. Hakuna anayefanya kazi bila kitufe hicho. Na mpangilio wa programu uko mikononi mwangu! Nimekiondoa kwenye kompyuta zote ila yangu. Saa ya chai Mpimaji, mpima ardhi wetu, akaja, eti dada yangu, kitufe kimemezwa na nani, hebu nisomee kilima changu. Mita 812. Sijawahi kutamka namba kwa mapenzi kiasi hicho.

Jumatano, 11 Juni
Foleni mezani kwangu! Lakini wanapiga soga juu ya kichwa changu. Mama Ramani anamtania Mpimaji kwamba shati lake limepigwa pasi na ng'ombe. Nikatafuta la kuchangia. Nikasema, "Mia tatu na sita." Wakashukuru, wakaenda kula.

Alhamisi, 12 Juni
Mkuu wa ofisi kaiona foleni. Kanisifu! Eti binti makini namna hii asisumbuliwe. Kanihamishia stoo ya ramani kuukuu, mlango ufungwe, maswali yaje kwa barua pepe. Nimejichimbia kaburi na kulifagia. Wanatuma kisanduku, natuma namba. Hata salamu hakuna.

Ijumaa, 13 Juni
Nilikuwa nalia nikibofya. Sikuona kwamba tabaka la ramani nililochagua linaonyesha nyuzi za mteremko, si urefu. Nikamwandikia Mpimaji kuwa kilima chake kina mita 14. Kaja mwenyewe, hoi kwa kicheko: dada, hicho kilima au kichuguu? Akaketi juu ya kasha. Kasema wanajua fika nani kaondoa kitufe. Nikirudishe kabla Mkuu hajajua. Halafu akauliza kwa nini siji barazani. Eti siku yangu ya kwanza nilikula huku nimeinamia kitabu, wakadhani sipendi kelele. Ndiyo maana hunyamaza wakiniona. Jumatatu wataniwekea nafasi. Mama Ramani ameshasema nikae karibu naye.

Nimerudisha kitufe. Nimefurahi mpaka nimekosea ngazi.

Lakini nimewaza. Nafasi ya kuwekewa ni hisani, na hisani husahaulika, hasa wikendi ikipita katikati. Mtu wa busara hangojei kukumbukwa. Kwa hiyo kabla ya kutoka nimeifunga printa ya ofisi kwa neno la siri. Ninalijua mimi peke yangu.