Nilivyomkagua Mama Cindy Mkoba kwa Sababu ya Diski

Leo nimejiaibisha hapa Oyugis, na mashahidi walikuwa wa kutosha.

Mnajua kibanda changu cha kuchapa na kutoa fotokopi. Juzi stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, CPU yangu ikaungua. Diski yake ikapona. Bahati, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kijitabu cha programu ya mazishi ya mamake Mzee Odongo: picha, historia ya marehemu, nyimbo, kila kitu. Mazishi ni kesho kule Lambwe.

Asubuhi nikanunua CPU kuukuu kwa broka mmoja hapa mjini. Akaniambia nihamishie diski yangu humo, mashine itawaka na vitu vyangu vyote kama nilivyoviacha. Fundi sikumwita. Mafundi huchomoa vitu. (Ushahidi sina. Nahisi tu.) Nikashusha pazia, nikashika bisibisi mwenyewe.

Jirani yangu Mama Cindy, ambaye naye huchapa, akaniita kutoka nje ya pazia.

"Baba Ryan, nikusaidie?"

"Niko sawa, Mama."

Kidogo tena: "Una uhakika?"

Sasa mtu mnayegombania naye wateja anataka kukusaidia kwa nini? Nikaliweka hilo akilini.

Nikaikaza diski kwa skrubu, nikarudisha kifuniko, nikaenda chooni. Kurudi, namkuta Mama Cindy mlangoni kwangu, mkono kwenye pazia.

"Nilikuwa natafuta karatasi za kukopa," akasema.

Nikampa. Nikamsindikiza kwa macho. (Mkoba wake ulionekana umevimba kuliko asubuhi. Au macho yangu ndiyo yalivimba.)

Mzee Odongo akafika, akaketi kwenye benchi. Nikawasha mashine. Ikaunguruma vizuri, halafu kwenye skrini ikatokea picha kubwa ya Mama Cindy, amevaa sare ya kwaya, anatabasamu. Chini yake, jina lake.

Damu ikanipanda. Ameiba diski yangu, ameweka yake!

Nikatoka nje. Sikuongea, nilihubiri. Wauza mitumba wakaacha kukunja nguo. Wateja wake wakatoka na karatasi mkononi. Nikasema mwizi wa diski anajulikana na afungue mkoba sasa hivi.

Mama Cindy akaingia kwangu. Akaumwaga mkoba wote juu ya meza yangu. Biblia. Mwavuli. Kitambaa cha kichwa. Omena, samaki wa jioni, kwenye karatasi. Diski hakuna.

"Omera, ndugu yangu," Mzee Odongo akasema polepole, "mamangu yuko wapi?"

Nikainua Biblia, nikatazama chini yake.

Mama Cindy akaiona ile picha yake kwenye skrini, akashtuka. Halafu akainama chini ya meza, akaigeuza CPU upande.

"Hii si ni CPU yangu? Nilimuuzia broka mwezi jana. Hata stika ya Cindy bado iko hapa."

"Na diski yangu?"

"Fungua tuone."

Nikazima, nikafungua mbele ya watu wote. Diski yangu ilikuwa palepale nilipoikaza. Nyaya hazikuwa zimechomekwa. Hata mmoja. Mashine ilikuwa inatumia diski yake ya zamani, kidude chembamba kama chingamu kilicholala ndani. Mimi nilikiona asubuhi nikadhani ni sehemu ya mashine. (Niliyeogopa mafundi ni mimi.)

Mama Cindy akakichomoa kidude chake, akakifuta kwa kanga, akakitia kwenye mkoba. "Hiki nacho nilikisahau na picha zangu zote," akasema. Nikachomeka nyaya, nikawasha.

Skrini ikakaa nyeusi. Ikasema inatayarisha vifaa. Tukangoja. Nilikuwa nimesimama kando ya mwanamke niliyemwita mwizi, na hakuna aliyenionea huruma hata kwa kukohoa. Mwishowe vitu vyangu vikaja, na marehemu akatutazama kutoka ukurasa wa kwanza.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Nimesikia," akajibu, akikusanya omena wake.

Nikataka kuanza kuchapa. Mzee Odongo akanishika mkono.

"Ngoja, nyathina, mwanangu. Pale kwa shukrani, ongeza jina la Mama Cindy. Andika na sababu."

Nimeandika. Nakala mia tatu. Kwa hivyo wewe unayeenda Lambwe kesho, ukifika ukurasa wa shukrani, tafadhali funua haraka uupite.