Majembe Yaachiliwe Huru

Jumatatu, 4 Oktoba 1993
Wiki ya tatu ya ndoa! Mutindi wangu ametoka mtoni na mtungi mgongoni, saa mbili kwenda na kurudi, na bado anatabasamu. Alhamisi ni zamu yetu: mwethya, kikundi chetu cha kulimiana, utatuchimbia silanga, bwawa la kukingia mvua, nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha, maji yatakuwa mlangoni pake. Nimemwahidi. Akanishika mkono. Lo!

Jumanne, 5 Oktoba
Mkutano wa mwethya. Ukame umewatia watu hofu. Redio inasema bei zimeachiliwa. Nikaona saa ndiyo hii. Nikawaambia zamu zimepitwa na wakati, jembe liende kwa anayelipa zaidi. Wangekuwa wameshiba wasingenisikiliza. Mama Syokau, mwenyekiti wetu, akauliza, na asiye na kitu je, kijana? Nikamjibu soko litamwona. Kura ikapita! Mutindi alinikazia macho mkutano mzima. Macho yale!

Alhamisi, 7 Oktoba
Mutindi alipika uji sufuria nzima. Hakuja mtu. Wote wako kwa Waithaka mwenye duka, anayelipa mahindi. Mimi nilikuwa nimetenga jogoo mmoja wa malipo. Waithaka akanipungia kofia toka ng'ambo ya bonde: asante sana mwalimu, njoo nawe uchimbe, sibagui! Mshenzi.

Jumamosi, 9 Oktoba
Nimechimba peke yangu. Mikono imejaa malengelenge. Shimo linamtosha kuku, tena akiwa amesimama. Mutindi ameenda kuchimba kwa Waithaka, apate mahindi. Vumbi linampendeza ajabu.

Jumatano, 3 Novemba
Mvua! Silanga ya Waithaka imejaa. Maji yetu yalipita mlangoni bila kubisha, yakateremka bondeni. Mutindi aliyasindikiza kwa macho. Mpenzi wangu ana mawazo ya ndani sana.

Alhamisi, 11 Novemba
Mkutano tena. Mama Syokau anataka zamu zirudi, tena zianzie kwetu maharusi, kabla mvua haijakatika. Mutindi alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nikaomba kusema. Bahati njema, viwavi wameingia kwenye kunde na watu wameshtuka upya. Nikawaeleza kuwa soko halina kosa. Kosa ni kuliachilia nusu nusu. Mwethya wenyewe uvunjwe! Nimeshinda kwa kura moja. Waithaka alinibeba begani.

Mutindi amechukua mtungi kwenda mtoni. Mwendo ule akiteremka! Akirudi nitamweleza.