Nafasi ya Nane pale Mzinga wa Nyuki

Jumapili, 1 Machi 1981

Balaa! Kapteni wetu, Walter Pilling, ametangaza leo mchana katika baa ya Mzinga wa Nyuki kwamba nafasi ya nane katika timu ya kutupa vishale ubaoni iko wazi. Iko wazi vipi, nami nimeikalia? Nikamuuliza mbele ya watu. Akajibu ndiyo hiyo hiyo, Ern, hiyo uliyoikalia mpaka ikaota ukungu.

Mechi ya mwisho ya ligi ni Ijumaa ya tarehe 13, nyumbani. Tukishinda, kombe letu. Walter hataki mzigo. Kwa hiyo Jumapili ijayo, saa sita mchana, nitashindanishwa na mtu mwingine, michezo mitatu, atakayeshinda miwili ndiye wa nane.

Na huyo mtu mwingine ni nani? Beryl Makin! Yule mama aliyekuwa akigawa chai kwenye kantini ya kiwanda chetu cha injini. Nilicheka. Nikagundua nacheka peke yangu.

Mimi, Ernest Shawcross, nimo katika kila picha ya timu ukutani pale tangu 1949. Katika kila picha, pembeni, na chaki mkononi, yuko Ivy wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika alama. Sasa ni mwaka wa pili tangu afariki na kuniacha. Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo bado naivalia tai. Nikitolewa kwenye timu, Ijumaa nitakwenda wapi?

Lazima nishinde. Nitatumia akili.

Jumatatu, 2 Machi

Nimekwenda maktaba. Nimepata kitabu cha mazoezi ya vishale na maandalizi ya akili, kimeandikwa na bingwa mmoja wa kusini. Msichana wa maktaba akasema tangu kinunuliwe hakijaazimwa hata mara moja. Vizuri sana! Maana yake hapa Openshaw nzima siri hizi ninazo peke yangu.

Bingwa anasema mkono ni mtumishi tu, bwana ni akili. Fumba macho. Vuta pumzi. Uone ubao. Uone kishale kinakwenda juu kabisa, katikati, kinaingia ndani ya pembe ya ishirini, yenye alama nyingi kuliko pembe nyingine. Rudia mara mia mbili kwa siku, mpaka mkono ujiendee wenyewe.

Ndani kuna picha kubwa ya ubao. Ni ule wa kusini, wa kwenye runinga, wenye ishirini pale juu. Wetu wa Manchester juu una nne, na ishirini iko kando yake, upande wa kulia. Haidhuru. Akili ni akili. Picha nimeibandika darini juu ya kitanda, nikiamka iwe ya kwanza kuonwa.

Nimefanya mara mia mbili. Nimesinzia kwenye ya mia na arobaini, lakini hata usingizini nilikuwa napata ishirini.

Jumanne, 3 Machi

Leo mazoezi ya mkono. Nimeutoa ubao wetu wa zamani kwenye banda la makaa. Masikini, umekauka na kupasuka. Ubao wetu ni kipande cha gogo, bila maji unakufa. Nimeulaza kwenye bafu na kufungulia bomba.

Ivy alikuwa akiuloweka kwenye beseni moja na mashuka, kila Jumamosi. Nilikuwa namgombeza. Tulilala miaka yote ile kwenye mashuka yanayonuka mti mbichi. Leo nimeinama juu ya bafu, harufu ile ikanipanda puani, nikakaa kitako sakafuni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni nimeutundika kwenye mlango wa jikoni. Zoezi la ukurasa wa ishirini na sita: tupa kwenye dabo ya moja, yaani ukanda wa pembeni wa alama maradufu, kisha ya mbili, mpaka ya ishirini, ukikosa unaanza upya. Kwenye ubao wetu dabo ni mstari mwembamba kama uzi! Kwa saa mbili nzima nimekuwa nikianza upya. Mlango una matundu thelathini na manane. Ubao una manne.

Sikukata tamaa. Bingwa anasema kukosa ni mwalimu. Leo basi nimesoma chuo kikuu.

Jumatano, 4 Machi

Nimekwenda kumpeleleza Beryl. Nilijidai naazima sukari.

Alikuwa jikoni anachemsha viazi. Ubao wake uko juu ya mlango wa stoo. Alikuwa akitupa kishale, anakoroga, anatupa, anaonja chumvi, anatupa. Hakufumba macho. Hakuvuta pumzi. Hana mpango wowote yule mama! Vishale vyote vitatu vikaingia kwenye ishirini, bahati tupu.

Akaniambia bila kugeuka, "Ern, mpenzi, umekuja kunichungulia au kunywa chai?"

Mtaani kwetu kila mtu ni mpenzi, hata mwuza makaa, lakini nilihisi masikio yanawaka. Nikasema nimekuja kwa sukari. Akasema, "Wewe hunywi sukari tangu vita, Ivy alikuwa akinipa mimi yako." Akanikatia kipande cha keki ya tangawizi. Akasema ni Ivy aliyemfundisha kutupa, mchana, baada ya zamu yake ya chai, wakati sisi waume bado tuko kazini. Sikuwa nalijua hilo! Miaka yote ile nilidhani wanafuma sweta.

Nilimuuliza kwa ujanja anajiandaaje kiakili. Akafikiri kidogo, akasema huwa anaondoa sufuria motoni kwanza.

Nimerudi nyumbani nina furaha. Mtu asiye na maandalizi ameshashindwa. Nimeongeza dozi: mara mia tatu.

Ijumaa, 6 Machi

Mambo yamejipa! Kwa zamu, kila mchezaji huutunza ubao wa baa kwa wiki moja: kuutoa ukutani, kuuzamisha kwenye pipa la uani, kuurudisha siku ya mchezo. Na zamu ya wiki hii ni ya nani? Yangu!

Mpango ni huu. Vishale vya Beryl ni vya zamani, butu kama vidole. Vyangu nimevinoa kwenye ngazi ya mlango mpaka vinachoma kwa kuangaliwa. Nikiuacha ubao ukauke hadi Jumapili, vyake vitagonga na kudunda. Vyangu vitanasa. Hakuna atakayejua.

Akili, bwana! Akili!

Jumamosi, 7 Machi

Asubuhi nimekwenda uani pale baa. Nimeuopoa ubao kwenye pipa. Nikaushika kifuani, maji yanachuruzika hadi kwenye viatu, nikawa nautafutia mahali pa jua. Jua, Manchester, mwezi wa tatu! Nikaamua kuupeleka karibu na bomba la moto.

Ndipo nikaona nyuma ya ubao, kwa penseli ya fundi, majina ya wote waliowahi kuutunza. La mwisho katika msimu wa 1979 lilikuwa langu, lakini mwandiko si wangu. Ni wa Ivy. Alikuta nimesahau zamu yangu, akaja mwenyewe kuuloweka, na akaandika jina langu nisije nikatozwa faini na Walter.

Nimeurudisha ndani ya pipa. Nikauwekea jiwe juu uzame vizuri. Mimi ni mjanja lakini si mshenzi.

Na kwa kweli siuhitaji ujanja huo. Kichwani nimeshapata ishirini mara elfu moja na mia sita. Nimelala mchana nikiwa bingwa.

Jumapili, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Baa ilijaa. Mwenye baa alikaanga vitunguu, kila mtu ana glasi yake. Walter akarusha sarafu, nikapata kuanza. Nikasimama mstarini. Nikafumba macho. Nikavuta pumzi. Mtu akauliza kama nimezimia. Nikaiona ishirini. Mkono ukajiendea wenyewe, kama bingwa alivyoahidi.

Katikati kabisa. Juu kabisa. Nne.

Nikatupa cha pili. Nne. Cha tatu kikasimama kikibanana na wenzake. Nne! Walter akasema miaka thelathini hajawahi kuona vishale vitatu vilivyotupwa vizuri namna ile kwenda mahali pa kipuuzi namna ile.

Nilijua! Nilikuwa najua ishirini iko wapi, nimeijua kabla sijaoa! Kila nikisimama mstarini najiambia kulia, Ern, kulia. Nikifumbua macho mkono umeshapanda juu. Nne, nne, nne. Nikaacha kufumba macho, ikawa vilevile. Kuna mzee mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti kama anahesabu kondoo. Watu walicheka mpaka mwenye baa akatoka jikoni na mwiko wake.

Beryl hakucheka. Alitupa vyake taratibu, akashinda wa kwanza, akashinda wa pili, wa tatu haukuwa na haja. Kisha akaja akanishika bega, akasema, "Pole, mpenzi. Nani amekuharibu hivi?"

Nilitoka kabla ya vitunguu. Nimeibandua ile picha darini. Imetoka na chokaa.

Jumanne, 10 Machi

Walter amekuja mlangoni. Nilidhani anakuja kunipa pole, kumbe anakuja na kazi. Anataka niandike alama siku ya Ijumaa. Tangu Ivy aondoke amekuwa akiandika kila mtu na hakuna anayejua hesabu za kutoa.

Nikamwambia mimi ni mchezaji, si karani. Akasema, "Ulikuwa mchezaji, Ern. Njoo basi uwe kitu fulani." Akaangalia mlango wa jikoni, akauliza kama tumevamiwa.

Nikasema nitafikiria. Alipofika getini nikampigia kelele kwamba nimekubali.

Jumamosi, 14 Machi

Jana! Nianzie wapi?

Nilivaa tai. Nikasimama pale pembeni ya ubao, chaki mkononi. Mara ya kwanza maishani mwangu nimeutazama mchezo kutoka upande ule. Mchezaji haoni chochote ila ubao. Mwandika chaki anaziona nyuso. Ukisimama karibu namna ile mtu akitupa, unamwona wazi kabisa: anavyouma ulimi, anavyoomba Mungu, anavyojidanganya. Wanaume wazima, na nyuso za watoto wanaotaka pipi. Nikafikiri, basi hivi ndivyo Ivy alivyoniona mimi, kila Ijumaa, miaka thelathini, na bado akawa anatembea nami kurudi nyumbani. Ilibidi nijidai chaki imeniingia jichoni.

Nilikosea hesabu mara mbili tu. Ikafika nne kwa tatu upande wetu, na sare haikutosha kutupa kombe, yaani kila kitu kikamwangukia wa nane. Beryl! Jamaa wa upande wa pili alikuwa amebakiwa na dabo moja tu ya kumalizia mchezo. Akakosa. Beryl akasimama, akatupa kimoja, dabo ya kumi na sita, kombe letu. Walter alimbusu mwenye baa, mwenye baa akampiga kofi, kila mtu akafurahi.

Tukakaa kula pai na njegere nyeusi zenye siki. Beryl akaniinamia, akasema nimeandika vizuri, ila nimemwacha yule jamaa atupe dabo yake kwa raha zake. Nikamuuliza nilipaswa kufanya nini.

"Si ungekohoa, mpenzi."

Nikakohoe kwa nini? Akaniangalia. Akaweka uma chini.

"Ina maana hujui? Hakukwambia?"

Ndipo akanieleza. Ivy alikuwa na kikohozi chake. Kidogo tu, kama cha mama aliye kanisani. Mpinzani akishainua mkono kwa dabo ya mwisho, khm. Basi. Tena si kwa kila mchezaji wetu. Kwa michezo yangu tu. Fainali ya 1958, ile niliyopewa kikombe cha mkono mtulivu kuliko wote Manchester, jamaa wa Ardwick alikosa dabo yake mara sita. "Khm mara sita," Beryl akasema, na machozi ya kicheko yanamtiririka. "Baa nzima ilijua isipokuwa wewe na yule wa Ardwick."

Mimi nilimpeleka kwa daktari mara tatu kwa kikohozi kile! Nilimpaka mafuta ya bata bukini kifuani! Daktari alisema mapafu ni mazima kama ya farasi, nikamwita daktari mjinga. Na ni kweli, Jumamosi asubuhi alikuwa mzima kabisa, anafua mashuka na ubao.

Nimerudi nyumbani, nikakishusha kikombe kutoka kabatini, nikakifuta vumbi. Nilitegemea nitaona aibu. Sikuona. Nililia, naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Mke wangu alikuwa mdanganyifu kuliko mimi, na alidanganya kwa ajili yangu, na hakunidai hata shukrani. Kikombe nimekirudisha, na picha yake ya harusi nimeiweka ndani yake. Ni chake.

Jumatatu, 16 Machi

Usingizi mzuri. Akili imechangamka.

Nimemwambia Walter nitaandika chaki msimu wote ujao. Alinishika mkono, akasema nimekomaa. Hajui kitu!

Maana Walter ametangaza kwamba nafasi ya nane itashindaniwa tena Septemba. Nimeshamwachia Beryl barua chini ya mlango nikimwalika, kwa heshima zote, tushindane. Amekubali na kunitumia keki.

Nina miezi sita ya mazoezi. Leo nimesimama mbele ya kioo na kukohoa mara mia mbili. Mara hamsini kikohozi kikavu, hamsini cha pua, hamsini cha kanisani, hamsini huku nimefumba macho. Koo linawaka moto. Kile cha kanisani ndicho bora.

Nitangoja mpaka ainue mkono kwa dabo ya mwisho. Kisha, khm. Masikini Beryl! Hatajua kabisa kilichompata.