Jokofu la Idara ya Bahati

Napenda kuutangazia umma kwamba bahati haitaachwa tena iende ovyo. Idara ya Bahati, ambayo mimi ni naibu mkurugenzi wake, imefanya utafiti wa kina na kubaini kwa nini wananchi wengi hawashindi bahati nasibu: wanashiriki bila utaratibu.

Dawa tuliipata kwenye semina. Ukitaka mtu awe na nafasi kubwa ya kushinda, punguza wanaoshindana naye. Kwa hiyo, katika bahati nasibu yetu ya kwanza, ambayo zawadi yake ni jokofu, kila mshiriki alitakiwa ahudhurie mafunzo ya kushangaa, afanyiwe usaili wa namna atakavyojisikia akikosa, ndipo apewe Cheti cha Utayari wa Kushinda. Wananchi waliitikia vizuri sana. Karibu wote waliacha.

Aliyebaki ni mama chai wa getini kwetu, mwanamke king'ang'anizi.

"Mama, kwani chai haikutoshi?" nilimuuliza kwenye usaili.

"Baba, jua lote hili nani anakunywa chai? Mchana kutwa nafukuza nzi. Nikipata friji nauza maji baridi na juisi, na binti yangu aliyekaa tu nyumbani apate pa kusimama."

"Na ukikosa?"

"Nitalia, baba. Halafu nitafuta machozi nichochee mkaa."

Jibu lilikuwa sahihi. Nilimpa cheti na kumwonyesha jinsi ya kuikunja tiketi mpaka iwe ndogo kama punje ya kunde, kama waraka wetu unavyowaagiza wananchi. Nilimwonea huruma, lakini huruma haimo katika bajeti.

Waraka ule ulikuwa na hekima yake. Mkurugenzi aligundua kwamba mkono ukiingia ndani ya pipa la tiketi hushika kinachojitokeza, basi yeye tiketi yake akaibandika kwenye kadibodi. Watumishi nao ni wananchi. Isitoshe, Mheshimiwa aliyealikwa kuchagua mshindi ni shemeji yake, na alikwishanong'onezwa: ukigusa kigumu, hicho hicho.

"Siri hii isitoke nje ya jengo," mkurugenzi aliniambia.

Haikutoka. Ilizunguka humo humo, masjala, uhasibu, mpaka kwa madereva. Mimi nilitumia kipande cha boksi la viatu, kwa madhumuni ya utafiti.

Siku ikafika. Umati ulijaa uani, jokofu likang'aa na utepe wake. Mheshimiwa alifungwa kitambaa machoni, akazamisha mkono ndani ya pipa. Akapapasa. Akauzamisha mpaka kwapani, jasho likimtoka.

"Shemeji," alisema, akisahau kipaza sauti kilichobanwa kwenye koti lake, "mbona vyote vigumu?"

Maneno yakasikika uani kote. Halafu mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Tafuta laini, Mheshimiwa!" Wenzake wakadakia wakipiga makofi: "Laini! Laini!"

Uchaguzi umekaribia, na Mheshimiwa si mtu wa kupingana na umma. Alichokonoa chini kabisa ya pipa, akaibuka na kitu kidogo kama kunde. Mama chai alisahau mafunzo yote ya kushangaa. Alikaa chini kwenye vumbi akalia.

Mheshimiwa alivua kitambaa, akachungulia zile kadibodi, akamgeukia shemeji yake. Kisha akaagiza jokofu libebwe na wataalamu wa bahati wenyewe. Tukalibeba na suti zetu, mkurugenzi mbele, mimi nyuma, huku umati ukituimbia mpaka getini. Tulipolitua kwenye kibanda, koo zilikuwa zimekauka kabisa.

"Mama," mkurugenzi alisema akihema, "tupatie basi maji ya baridi."

Mama chai alilipangusa jokofu vumbi, taratibu, akaukunja waya wake.

"Friji likitoka kubebwa haliwashwi papo hapo, wakubwa zangu. Lazima litulie kwanza," alisema kwa adabu zote. "Njooni kesho."