Poldi Wangu Ndani ya Buti za Adui

Jumatatu, 1 Machi 1943
Poldi wangu kapata maneno! Sentensi nzima kwenye filamu: "Nani amelipua daraja?" Kuna watu wazima hapa Hollywood miaka nenda rudi hawajapewa hata kukohoa. Nimemtangazia jirani wa juu, wa chini, na muuza mikate.

Jioni ndipo nikajua anayesema ni afisa wa Kinazi. Mungu wangu! Tumewakimbia haohao kutoka Vienna na sanduku moja, leo mwanangu avae buti zao? Eti lafudhi yetu ndiyo wanayoitaka. Na mpiganaji wa Norwei anayewalipulia Manazi daraja ni Egon, mwana wa Bi Karpfen wa mlango wa pili. Yule mwenye mwendo wa bata! Bi Karpfen kanipa pole ngazini, meno yote nje. Sikubali.

Jumanne, 2 Machi
Nimeoka keki ya matufaha, sukari yote ya mgao imekwenda. Nikampelekea mwongozaji, Bwana Tolliver, nimwombe ambadilishie Poldi nafasi. Kala karibu yote. Kisha akasema uso wangu ndio hasa wa mama wa Kinorwei, kesho nije nisimame na umati wa wanakijiji. Poldi kashika kichwa. Kaniapisha nisiseme neno. Nimeapa. Kusema sisemi.

Jumatano, 3 Machi
Kijiji cha mbao, theluji ya bandia, jua kali, nami ndani ya sufu. Kazi yetu: afisa akiingia, tumtazame kwa chuki.

Akaingia. Zile buti! Nikasikia tena vishindo kwenye ngazi zetu za Vienna. Kisha nikayaona masikio chini ya kofia. Masikio ya marehemu baba yake! Nikatabasamu. Na kola ilikuwa imejikunja, nikainyoosha.

Bwana Tolliver akafoka: mama wewe, huyu kakuchomea nyumba! Huyu? nikamwambia. Hata jiko hajui kuliwasha. Umati ukaangua kicheko. Bi Karpfen, naye kajipenyeza humo kwenye umati, alicheka kuliko wote. Poldi, mwekundu kama nyanya, akaninong'oneza: "Mama, kama unanipenda, nichukie."

Nikajaribu. Nikafikiria soksi anazoacha juu ya meza. Hazikutosha.

Alhamisi, 4 Machi
Leo Egon anampiga Poldi risasi, sisi tushangilie. Mpango wangu: kushangilia kwa mdomo, macho nimefumba. Lakini Egon akaanza kwa kumkaba shingo, na Poldi ana mafua! Nikamrukia Egon na kikapu changu cha kabichi. Kabichi nzuri, ngumu. Bi Karpfen akanishika nywele. Norwei nzima ikawasahau Manazi, ikaja kutuamua.

Walinzi wamenitoa nje. Poldi hasemi nami. Anaogopa watamfukuza, na sentensi yake iende na maji.

Ijumaa, 5 Machi
Simu imelia ukumbini. Hakufukuzwa! Bwana Tolliver amesema hakuna atakayemwogopa afisa anayenyooshwa kola na mama. Kawabadilisha, yeye na Egon. Poldi ndiye mpiganaji! Nilipiga vigelegele hadi Bi Karpfen akatoka na taulo kichwani.

Kumbe hadithi nayo wameibadilisha. Mpiganaji anauawa mwanzoni kabisa, hajafungua mdomo. Sentensi kapewa Egon. Tangu asubuhi Bi Karpfen anaiimba ngazini, "Nani amelipua daraja?", na kuringa eti mwanawe afisa, buti zimemkaa. Afisa! Hana hata haya. Tena zile buti zilimkaa Poldi vizuri zaidi. Kesho naazima sukari, nimwokee Bwana Tolliver keki nyingine ili Poldi azirudishiwe.

Poldi kaniomba, karibu na machozi: Mama, Jumatatu wakipiga picha ya kifo changu, baki nyumbani. Nikaapa kwa kaburi la baba yake.

Lakini ataanguka kifudifudi, na kijiji kile ni cha mbao ila mawe ni ya kweli, niliyakanyaga mwenyewe. Nimeshashona kimto cha rangi ya mawe. Nitajitanda shali nyeusi, nipite mlango wa jikoni wa studio, nikisukume chini yake kwa mguu tu. Nani ataniona? Kamera itakuwa inamtazama Poldi.